Je, miti itaweza kuondoa risasi kiwanjani kwangu?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimepata kiwanja cha mita 30 kwa 40 ambacho zamani kilikuwa karakana ya kuvunja betri za magari na kuyeyusha risasi. Nilipeleka udongo maabara nikaambiwa una risasi miligramu 900 kwa kilo, zinki 1,100, kadimiamu 4, na pH ni 5.4. Nimesoma kwamba kuna miti inayonyonya metali nzito na kuusafisha udongo yenyewe. Nipande miti gani, ikae miaka mingapi, na baada ya hapo nitaweza kulima mboga? Nikiikata, kuni zake nizitumie? Nina watoto wawili, mdogo ana miaka 3.

JIBU: Ndugu yangu, umepima kabla ya kupanda, na wengi hawafanyi hivyo. Basi nami nikujibu bila kuzunguka. Risasi iliyomo kwenye udongo huo haitatolewa na mti wowote ungali hai wewe, wala wanao, wala wajukuu wao. Hata hivyo nakushauri upande miti, tena mingi. Kazi yake hapo itakuwa kuishikilia sumu isitembee, na kazi hiyo inataka miti mingine kabisa, siyo ile uliyosoma habari zake.

Lakini kabla ya miti yupo mtoto wa miaka 3. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chochote cha risasi katika damu ambacho ni salama. Mtoto wa umri huo haipati risasi kupitia mboga kwanza. Anaipata kwa vidole: anacheza, vumbi linashika mikononi, mikono inaingia mdomoni. Na utumbo wake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko utumbo wa mtu mzima. Kama watoto wamewahi kucheza hapo, wapelekeni wote wawili wakapimwe damu wiki hii, msisubiri dalili, maana risasi huharibu ubongo kimyakimya. Kuanzia leo wasikanyage kiwanjani, na viatu vilivyotoka huko viishie nje ya mlango. Ili ujue uko wapi: kwa udongo wa makazi, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilitumia kiwango cha tahadhari cha miligramu 400 kwa kilo kwa miaka mingi, na Januari 2024 likakishusha hadi 200. Wewe una 900.

Sasa miti.

Ulichosoma si uongo. Katika kisiwa cha New Caledonia, kwenye Bahari ya Pasifiki, kuna mti uitwao Pycnandra acuminata. Ukiuchanja gome unatoa utomvu wa buluu iliyochanganyika na kijani, na utomvu huo ukikaushwa, karibu robo ya uzito wake ni nikeli tupu. Wanasayansi walitangaza habari zake mwaka 1976, na tangu hapo imeorodheshwa mimea zaidi ya 700 yenye tabia ya kulimbikiza metali kupita kiasi. Ipo hata aina ya kangaga, Pteris vittata, ambayo mwaka 2001 watafiti wa Florida walionyesha kwamba inavuta aseniki, sumu nyingine ya udongoni, kutoka ardhini na kuijaza kwenye majani yake. Mambo haya bado yananishangaza baada ya miaka yote hii ya kushika udongo.

Tatizo ni kwamba kila mmea una metali yake. Sehemu kubwa ya hiyo 700 hulimbikiza nikeli, tena kwenye ardhi yenye nikeli nyingi kwa asili. Mimea inayosifiwa kulimbikiza risasi ni michache mno, na vipimo vyake vingi vinatiliwa shaka kwa sababu nyepesi kabisa: vumbi la risasi likitua juu ya jani na jani lisipooshwa vizuri, maabara hupima vumbi ikadhani imepima mmea.

Kwa nini risasi haipandi mtini? Mzizi hunywa maji, na hauwezi kunyonya ila kile kilichoyeyuka ndani ya maji hayo. Risasi haipendi kuyeyuka. Hung'ang'ania mfinyanzi, hung'ang'ania mboji, hushikamana na kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo, na ikikutana na fosfeti (chumvi ya fosforasi, kama ile ya kwenye mbolea) hugeuka kuwa madini magumu. Kiasi kidogo kinachofanikiwa kuingia mzizini hunasa kwenye kuta za seli za mzizi na kubaki pale pale. Kadimiamu, nayo metali yenye sumu, ina tabia nyingine. Kwa kemia yake inafanana na zinki, ambayo mmea unaihitaji, kwa hiyo inapita milango ile ile, inapanda na maji hadi majani, na hasa ikiwa udongo una asidi kama wako (pH iliyo chini ya 7 ni asidi, na yako ni 5.4). Ndiyo maana karatasi yako ya maabara ina matatizo mawili yanayovutana, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwanza tupige hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo inayokosekana katika habari nyingi za aina hii. Kiwanja chako ni mita za mraba 1,200. Chukua sentimita 20 za juu tu. Hizo ni mita za ujazo 240, na kwa udongo wa kawaida zina uzito wa tani 312 hivi. Kushusha risasi kutoka 900 hadi 200 ni kuondoa gramu 700 katika kila tani, yaani jumla ya kilo 218. (Betri moja ya gari ina risasi ya kilo 10 hivi. Kwa hiyo betri kama 20 tu, zilizovunjwavunjwa na kutawanyika, zinatosha kukuharibia kiwanja kizima.) Sasa panda miti inayokua kwa kasi, tuseme inakupa tani 10 kavu kwa hekta kila mwaka. Kwa eneo lako ni tani 1.2. Tuipe miti hiyo risasi miligramu 20 katika kila kilo ya majani na mashina, na hapo nimekuwa mkarimu. Utavuna gramu 24 za risasi kwa mwaka. Gawanya: miaka 9,100.

Kadimiamu kwa hesabu ile ile ina sura nyingine. Kuishusha kutoka 4 hadi 1 ni kuondoa gramu 936 kwenye kiwanja kizima. Mierebi mizuri, miti inayosifika kwa kuvuta kadimiamu, ikikupa miligramu 20 kwa kilo, kiwango kile kile, utavuna gramu 24 kwa mwaka, na utamaliza kwa miaka 39. Ni mingi, lakini ni muda ambao binadamu anaweza kuuona. Na kwa kweli utazidi hapo, kwa sababu mti huanza na kadimiamu iliyo rahisi kunyonywa, na kadiri inavyopungua ndivyo mavuno ya kila mwaka yanavyoshuka. Zinki ya 1,100 itachukua mamia ya miaka, ila hiyo ni sumu kwa mimea kuliko kwa watu, haininyimi usingizi.

Kwa hiyo mahali ambapo miti ya kunyonya inaleta maana ni kwenye mashamba mapana yenye kadimiamu kidogo, ambako kuchimba udongo wote haiwezekani. Kaskazini mwa Ubelgiji, eneo la Kempen, viwanda vya zamani vya kuyeyusha zinki vilimwaga kadimiamu juu ya mamia ya kilomita za mraba, na huko mierebi na mipopla (miti ya ukoo wa mierebi) imejaribiwa kwa miaka mingi, mwenye shamba akiuza mbao za nishati wakati ardhi inapungukiwa sumu polepole. Uswidi nayo imefanya hivyo kwa mierebi mashambani. Shamba la hekta 50 lenye kadimiamu 2 linaweza kungoja. Kiwanja cha mita 30 kwa 40 chenye risasi 900 na mtoto mlangoni hakiwezi.

Utakutana na watu watakaokuambia kuna dawa za kuongeza kasi. Zipo: kemikali ya EDTA ikimwagwa kwenye udongo huikamata risasi na kuiyeyusha, nayo mimea ikainywa kwa wingi. Mimi sikushauri hata kidogo. Kinachoyeyuka hakisubiri mzizi. Mvua ikinyesha kabla mmea haujakimaliza, risasi iliyokuwa imetulia kwenye sentimita 20 za juu inateremka hadi kwenye maji ya kisima, na EDTA yenyewe huchukua muda mrefu kuoza. Utakuwa umehamisha tatizo kutoka unapoliona kwenda usipoliona.

Utasikia pia habari za alizeti karibu na Chernobyl, kule Ukraine kilikolipuka kinu cha nyuklia. Ni kweli, miaka ya 1990 zilipandwa alizeti zikielea kwenye bwawa, nayo mizizi yake ikakamata sesiamu na strontiamu, metali zenye mionzi. Lakini vitu hivyo vilikuwa vimeshayeyuka majini, kwa hiyo kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanyika. Vilevile mipopla imesifika kwa kusafisha ardhi iliyomwagikiwa na vimiminika vya kusafishia mashine, na sifa hiyo ni ya haki: kemikali hizo zimeundwa na kaboni, na mti pamoja na bakteria wa mizizini unaweza kuzivunja zikabaki maji, chumvi na hewa. Metali haivunjiki. Risasi ikiingia mtini ni risasi, jani likianguka ni risasi, jani likioza ni risasi. Watu wengi wameyachanganya mambo haya mawili kwa nia njema, na wengine wameuziwa miche kwa mchanganyiko huo.

Basi miti ifanye nini kwako? Kuna mahali ambapo jibu lilipatikana kwa gharama kubwa. Aprili 1998 bwawa la mabaki ya mgodi wa Aznalcóllar, kusini mwa Uhispania, lilipasuka na tope lenye zinki, risasi, aseniki na kadimiamu likafunika maelfu ya hekta kando ya mto Guadiamar. Kwanza walikuja na mashine, wakakwangua tope pamoja na udongo wa juu. Kilichosalia wakakichanganya na chokaa na mboji. Kisha wakapanda miti na vichaka vya asili ya huko, wakapiga marufuku kilimo, na leo eneo ni hifadhi ya kijani. Miti haikusafisha metali. Ilifunika udongo usipeperuke, ikaurudishia mboji, ikanywa maji ya mvua ambayo yangepita chini yakibeba sumu. Ila kuna somo ndani ya somo: mipopla myeupe iliyokuwepo kule ilionekana kuvuta kadimiamu na zinki hadi majani, na majani yakianguka, metali iliyokuwa chini inarudishwa juu, mahali panapofikiwa na wadudu, mifugo na watoto.

Hapo ndipo mvutano wako ulipo. Ukipanda mierebi au mipopla ili ivute kadimiamu, kila kiangazi utakuwa unamwaga kadimiamu juu ya uso wa kiwanja, labda ufagie kila jani. Na ili miti hiyo ivute vizuri, udongo lazima ubaki na asidi, hali ambayo inailegeza risasi pia. Huwezi kuifunga sumu na kuivuna kwa wakati mmoja kwenye udongo uleule. Kwa kiwanja chako mimi ningechagua kufunga, bila kusita.

Anza na kutafuta kitovu. Karakana za namna hii hazichafui sawasawa. Pale palipokuwa na tanuru, pale palipomwagwa maji ya betri, panaweza kuwa na risasi mara kumi ya kona nyingine, na ile 900 yako, kama umechukua udongo sehemu moja tu, haijakuambia kitu kuhusu mita 10 kando. Gawanya kiwanja vipande vya mita 10 kwa 10, ni 12 tu, na kila kimoja chota udongo sehemu kadhaa, changanya, peleka. Katika vipande viwili vilivyo vibaya zaidi chota pia kwa kina cha sentimita 30 hadi 50. Nyunyizia maji kabla ya kuchimba ili vumbi lisiruke, vaa barakoa. Waambie maabara wapime na aseniki, maana risasi ya betri za zamani ilichanganywa na antimoni (metali nyingine), na aseniki kidogo.

Kitovu kikishajulikana, kikwanguliwe na kupelekwa panaporuhusiwa taka za sumu, kwa kupitia ofisi ya mazingira ya eneo lako. Usikichimbie shimo nyuma ya nyumba. Mara nyingi kipande kidogo cha kiwanja ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya risasi yote, na kukiondoa kwa siku 2 kunafanya kazi ambayo miti isingeifanya kwa milenia.

Kwa udongo utakaobaki, weka chokaa ya shambani hadi pH ifike 6.5 hivi. Hatua hii peke yake inaituliza kadimiamu na zinki kuliko mti wowote. Changanya na mboji nyingi iliyooza vizuri. Fosfeti nayo huifunga risasi kwa nguvu, inaigeuza madini ambayo hayayeyuki kirahisi, lakini usiiguse kabla majibu ya aseniki hayajarudi: fosfeti huisukuma aseniki kutoka ilikokuwa imeshika, na ungefunga moja huku unaifungulia nyingine.

Ndipo upande. Sitakuandikia jina moja la mti kana kwamba ni dawa, kwa kuwa mti mzuri ni ule unaostawi pale ulipo. Nitakupa tabia. Uwe wa kijani mwaka mzima, ili usikuachie lundo la majani kwa mpigo. Uwe na mizizi mingi inayosambaa. Usiwe na majani wala matunda yanayoliwa na watu au mifugo. Na metali ibaki mizizini. Mivinje hustahimili ardhi mbovu na hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria, baadhi ya jamii za migunga vilevile. Misonobari inafaa penye baridi. Mikaratusi ninaisitia, si kwa sababu ya metali, bali kwa sababu chini yake nyasi hukosa raha, na ardhi tupu chini ya mti ni vumbi lile lile ulilokuwa unalikimbia. Maana nyasi ndizo mlinzi wa kwanza. Mti ni wa pili. Vetiva, aina ya nyasi ndefu, ina mizizi inayoshuka mita kadhaa na huzuia metali isipande sana majani. Ipande kwa mistari mkingamo wa mteremko, na katikati weka nyasi za kutambaa zisizoacha nafasi. Miche ikipandwa ikiwa na kuvu wa mizizini, wale wanaoishi kwa kushirikiana na mti, hushika kwa urahisi zaidi kwenye udongo wenye sumu. Kiganja cha udongo kutoka chini ya mti mzima wa aina ile ile, uliokua mahali safi, kinatosha kuwaleta.

Mboga usizipande kwenye udongo huu, leo wala baada ya miti. Kadimiamu hupenda mboga za majani, risasi hubaki kwenye mizizi na viazi na huganda na udongo kwenye maganda. Jenga matuta ya kuinuka, tandika kitambaa kizito cha ujenzi kinachopitisha maji, kisha jaza sentimita 40 za udongo uliopimwa kutoka kwingine. Hapo mtakula mboga msimu ujao, bila kungoja mti wowote. Miti ya matunda ina nafuu, kwa kuwa risasi hufika kwenye tunda kwa shida sana, lakini tunda lioshwe, na ardhi chini ya mti iwe imefunikwa.

Kuhusu kuni: zikitoka kwenye kiwanja hiki zisiingie jikoni mpaka mbao zimepimwa. Kadimiamu huchemka kwa nyuzi 767 za Selsiasi, kwa hiyo kwenye moto mkali inapanda na moshi unaouvuta. Inayobaki, pamoja na risasi, hukusanyika kwenye majivu, na kwa kuwa majivu ni kama asilimia 1 tu ya uzito wa kuni, kilichokuwa kidogo kwenye ukuni kinakuwa kikali mara nyingi zaidi. Majivu hayo watu huyamwaga bustanini wakidhani wanarutubisha. Mbao zikae kama nguzo na uzio, au miti isikatwe kabisa. Kusimama kwake ndiyo faida yako.

Mwaka mmoja baada ya kupanda, chuma majani yaliyokomaa kutoka kila aina ya mti uliyopanda, yaoshe vizuri kwa maji safi, yakaushe, uyapeleke maabara ile ile. Tazama mstari wa kadimiamu. Ikiwa jani lina chini ya 1, mti huo unatunza sumu chini kama tulivyoutuma, endelea nao. Ikizidi ile 4 iliyomo kwenye udongo, mti huo unaipandisha juu, na hata kama umeshakua mrefu na una kivuli kizuri, ung'oe mapema kabla haujamwaga majani ya mwaka wa pili.